Buffalo, mwezi na Binti: Afrika katika hadithi za kesho

Mwaka 1901 mji wa Buffalo, ulioko jimbo la New York karibu na mpaka wa Marekani na Canada, uliualika ulimwengu uje kuitazama kesho. Maonyesho makubwa ya nchi za bara la Amerika yalifunguliwa mwezi Mei na yakadumu hadi mwanzoni mwa Novemba. Umeme uliotokana na nguvu ya maporomoko ya Niagara ulisafirishwa kwa nyaya hadi viwanjani, na kila jioni zaidi ya taa laki mbili ziliwashwa polepole kwa pamoja, jambo ambalo wageni wengi hawakuwa wamewahi kuliona maishani mwao.

Katika barabara ya burudani ya maonyesho hayo palikuwa na mchezo uliowavutia watu kuliko yote. Mtu alilipa senti 50, akapanda chombo chenye mabawa kilichoitwa Luna, na kwa msaada wa mapazia yaliyochorwa, taa na upepo wa mashine akaona dunia ikimwacha chini mpaka akatua mwezini. Huko alikaribishwa na viumbe wafupi na kuingizwa katika jumba la mfalme wao. Ilikuwa ni mwaka mmoja kabla ya Mfaransa Georges Méliès kuitoa filamu yake mashuhuri kuhusu safari kama hiyo.

Katika barabara hiyo hiyo palikuwa na uzio mwingine. Humo waliwekwa Waafrika walioletwa kutoka bara lao, wakakalishwa katika kijiji cha vibanda kilichopewa jina la „Afrika yenye giza kuu“, ili wageni wawatazame wakicheza ngoma na kufanya kazi za mikono. Palikuwa pia na „shamba la zamani“, ambako Wamarekani Weusi waliigiza maisha ya utumwa kana kwamba yalikuwa maisha ya furaha. Mgeni aliyetoka kwenye safari ya mwezini aliweza, baada ya hatua chache, kuwatazama watu hao kama masalia ya zama zilizopita. Mwezi ulikuwa kesho, Afrika ilikuwa jana.

Si wote walionyamaza. Mary Talbert, mwalimu Mweusi aliyeishi Buffalo, aliongoza malalamiko tangu mwaka 1900, kabla maonyesho hayajafunguliwa. Yeye na wenzake walidai kwamba mafanikio ya Weusi nayo yaonyeshwe, na hatimaye picha na takwimu ambazo mwanazuoni W.E.B. Du Bois alisaidia kuzikusanya kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 zililetwa Buffalo. Du Bois huyo huyo, mwaka 1920, alichapisha hadithi fupi ya kubuni kuhusu nyota yenye mkia inayoangamiza New York na kumwacha hai mwanamume Mweusi pamoja na mwanamke Mzungu. Ni miongoni mwa hadithi za mwanzo za aina hiyo kuandikwa na Mmarekani Mweusi.

Maonyesho ya Buffalo yanakumbukwa zaidi kwa sababu nyingine. Tarehe 6 Septemba 1901 Rais William McKinley alipigwa risasi akiwa humo, akafariki dunia siku nane baadaye. Mashine mpya ya eksirei ilikuwapo katika maonyesho hayo, lakini madaktari hawakuitumia kuitafuta risasi mwilini mwake. Kuwa na chombo cha kesho ni jambo moja, kukitumia ni jambo jingine.

Zaidi ya karne moja baadaye, katika mji huo huo, mwanamke aliyezaliwa na wazazi kutoka Nigeria alikuwa akifundisha uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Buffalo. Jina lake ni Nnedi Okorafor. Mwaka 2015 alitoa kitabu chembamba, kisichofika kurasa 100, kuhusu msichana wa kabila la Wahimba wa kaskazini mwa Namibia anayetoroka nyumbani usiku ili akasome katika chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Kitabu hicho kilipata tuzo mbili kubwa kabisa za hadithi za kubuni za kisayansi, Nebula na Hugo. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili aelewe jina lake. Kinaitwa Binti.

Okorafor alizaliwa Aprili mwaka 1974 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Wazazi wake, Waigbo, walikwenda Marekani kwa masomo mwaka 1969 wakashindwa kurudi kwa sababu ya vita vya Biafra. Alikulia katika vitongoji vya Chicago, akawa mchezaji hodari wa tenisi na mkimbiaji, na ndoto yake ilikuwa kuwa mtaalamu wa wadudu. Lakini uti wa mgongo wake ulikuwa ukipinda. Akiwa na umri wa miaka 19 alifanyiwa upasuaji, na alipozinduka alijikuta amepooza kuanzia kiunoni. Ni katika kitanda cha hospitali, akisubiri kujua iwapo atatembea tena, ndipo alipoanza kuandika hadithi. Alitembea tena baada ya mazoezi ya muda mrefu, ingawa hakurudi kuwa mwanamichezo, na mambo hayo ameyasimulia katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2019.

Tukio hilo linafafanua mengi katika maandishi yake. Teknolojia kwake si mashine inayong'aa mbali na mtu, bali ni kitu kinachoingia mwilini na kumbadilisha mwenye mwili. Katika riwaya yake Noor ya mwaka 2021 shujaa ni mwanamke wa Nigeria mwenye viungo bandia ambaye watu wa mtaani wanamwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Katika ile ya mwaka 2025, Death of the Author, mwandishi aliyepooza anapewa miguu ya kimashine, na jamaa zake wanagawanyika kuhusu iwapo aitumie. Nani anaamua juu ya mwili huo, mwenyewe au ukoo? Okorafor hulirudia swali hilo bila kuchoka.

Hata hivyo hakuwa mwandishi Mweusi wa kwanza wa fani hii kufundisha Buffalo. Mwaka 1975 Samuel Delany, mzaliwa wa Harlem, alikuwa mhadhiri mgeni katika chuo hicho hicho, na mwaka 1999 alirudi tena. Delany alikuwa ameshapata tuzo ya Nebula kabla ya kutimiza umri wa miaka 30. Amesimulia kwamba riwaya yake Nova, iliyotoka mwaka 1968, ilipelekwa kwa John W. Campbell, mhariri aliyekuwa na nguvu kubwa katika magazeti ya hadithi hizo. Campbell aliikataa. Sababu aliyoitoa haikuwa ubovu wa kazi, bali hakuona kama wasomaji wake wangeweza kujiona katika mhusika mkuu Mweusi. Riwaya yenyewe inasimulia karne nyingi zijazo, wakati binadamu wametapakaa kati ya nyota. Kwa maneno mengine, msomaji alidhaniwa anaweza kuamini kwamba chombo kinapita katikati ya nyota inayolipuka, ila hawezi kuamini kwamba nahodha wake ana mama kutoka Senegal.

Mlango huo haukufunguliwa na wahariri peke yao. Fani hii ina desturi ya mikutano mikubwa ambako wasomaji na waandishi hukaa pamoja, hubishana na kutoa tuzo, na ni humo ambamo sifa ya mwandishi hujengwa au huzikwa. Mkutano mkuu wa dunia ulianza New York mwaka 1939. Unapofanyika nje ya Amerika Kaskazini, Wamarekani huandaa wa kwao. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1979, mkutano wa dunia ulipokwenda Brighton, Uingereza: mashabiki wa Marekani walikutana Louisville, Kentucky, kando ya mto Ohio.

Mto huo si mto wa kawaida katika historia ya Weusi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 ulikuwa mpaka. Kusini yake, upande wa Louisville, mtu aliweza kununuliwa sokoni. Kaskazini yake palikuwa na majimbo yasiyo na utumwa. Waliotoroka waliuvuka, wakapita Ohio na mji mkuu wake Columbus, na wengi walikwenda mpaka Buffalo ili wavuke maji kuingia Canada. William Wells Brown, mzaliwa wa Kentucky aliyetoroka utumwa na kuishi Buffalo, aliandika kwamba katika mwaka 1842 peke yake aliwavusha watu 69 katika ziwa Erie.

Na mwaka huo huo wa mkutano wa Louisville, 1979, Octavia Butler alichapisha Kindred. Mwanamke Mweusi wa California ya mwaka 1976 anavutwa na nguvu asiyoielewa hadi shamba la watumwa la Maryland, ambako inambidi amlinde bwana wa shamba kwa kuwa bwana huyo ni babu yake. Hakuna mashine ya kusafiria wakati, wala hakuna maelezo ya kisayansi. Mwaka uliofuata Butler alitoa Wild Seed, ambayo mhusika wake Anyanwu ni mwanamke wa Kiigbo mwenye uwezo wa kubadili umbo. Delany na Butler, kwa miaka mingi, walikuwa karibu peke yao. Mtu akitafuta mahali ambapo Okorafor angeweza kuanzia, na apaanzie hapo.

Riwaya iliyomtia Okorafor mwenyewe katika mikutano hiyo ni Who Fears Death ya mwaka 2010, inayosimulia Sudan ya wakati ujao ambako kompyuta zimechakaa na uchawi unafanya kazi, na ambako shujaa ni mtoto aliyezaliwa kutokana na ubakaji wa kivita. Kiini chake kilikuwa taarifa ya gazeti ya mwaka 2004 kuhusu ubakaji uliotumiwa kama silaha Darfur. Mwaka 2011 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Dunia ya Fantasia. Tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya kichwa cha H.P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha aliyefariki mwaka 1937. Baada ya kuipokea Okorafor alikumbana na shairi la Lovecraft la mwaka 1912 linalowatukana Weusi kama viumbe walio kati ya mnyama na mtu. Aliandika hadharani juu ya hali ya kuweka nyumbani kichwa cha mtu ambaye asingemhesabu kuwa binadamu. Hakuirudisha tuzo, alisema jambo hilo litazamwe na lijadiliwe, si kufichwa.

Majadiliano yalichukua miaka minne. Mwishoni mwa mwaka 2015 waandaaji walitangaza kwamba kichwa hicho hakitatumika tena. Oktoba 2016 waandishi walipokutana Columbus, mji uliokuwa pia mwenyeji wa mkutano huo mwaka 2010, ulikuwa ni mkusanyiko wa kwanza baada ya uamuzi huo. Mwaka 2017 ilionyeshwa sanamu mpya: mti mkavu ulioukumbatia mwezi mpevu. Wapo waliolalamika kwamba historia inafutwa. Lakini vitabu vya Lovecraft viliendelea kuuzwa na kusomwa kama kawaida. Kilichoondoka ni kumfanya mgeni abebe kichwa cha mwenye nyumba kila apewapo heshima.

Kwa upande wake Binti ilikuwa na vyanzo viwili visivyofanana. Cha kwanza ni Buffalo kwenyewe. Okorafor ameeleza kwamba alipopata kazi katika chuo kikuu hicho ilimbidi auache ukoo wake mkubwa karibu na Chicago, na jamaa walivyolipokea jambo hilo vilimpa picha ya msichana anayeondoka bila ruhusa. Cha pili ni Sharjah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako aliona majini konyeza wa rangi ya samawati, yule kiumbe laini wa baharini mwenye mikono inayowasha. Konyeza huyo akawa asili ya Meduse, maadui wa hadithi yake.

Msichana Binti ni hodari wa hisabati. Ukoo wake hutengeneza astrolabi, chombo ambacho wanajimu na mabaharia wa kale walikitumia kusoma nyota na ambacho katika hadithi hii kimekuwa kitu cha kubeba mfukoni chenye habari zote za maisha ya mtu. Amejipaka otjize, yaani udongo mwekundu uliochanganywa na samli, kama wafanyavyo wanawake wa Kihimba hadi leo. Katika kituo cha safari wanawake wa kabila lenye nguvu wanamshika nywele bila kumwomba ruhusa. Chombo anachosafiria si cha chuma, bali ni kiumbe hai anayefanana na kamba mkubwa. Njiani Meduse wanakivamia na kuwaua abiria wote, isipokuwa yeye na rubani.

Kisa cha vita hivyo kinafichuliwa polepole, na hapo ndipo kitabu kinapogusa jambo zito. Mwiba wa mkuu wa Meduse ulikatwa na wasomi wakauweka katika makumbusho ya chuo kikuu kile kile anachokwenda Binti. Uko kabatini, una maelezo yake, wageni wanautazama. Wasomi hawakuona kwamba wametenda ubaya. Walikuwa wakihifadhi elimu. Binti anajitolea kuwa msuluhishi, na wahadhiri, baada ya kikao kimoja, wanakubali kuurudisha.

Msikilizaji wa Iringa hawezi kulisoma hilo bila kukumbuka jambo. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza katika kifungu cha 246 kwamba fuvu hilo lirudishwe. Lilifika Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake na miaka 35 baada ya kuagizwa. Huko Namibia, nchi ya Wahimba, mafuvu ya Waherero na Wanama waliouawa katika maangamizi ya mwaka 1904 hadi 1908 yalianza kurudishwa kutoka Berlin mwaka 2011 tu. Na mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia makusanyo hayo ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu na jamaa walio hai nchini Tanzania. Ikiwa kuna kasoro katika Binti, basi ni hiyo: wahadhiri wa sayari ya mbali wanakubali upesi mno. Kikao kimoja hakijawahi kutosha.

Pana swali jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuliuliza. Kwa nini Mhimba aitwe kwa neno la Kiswahili, ambalo lenyewe lilitoka katika Kiarabu? Lugha ya Wahimba ni ya Kibantu, na mtu kwao ni „omundu“, hivyo ujirani upo. Lakini Kunene na Mombasa ni mbali. Jibu la huruma ni kwamba huo ni wakati ujao na majina husafiri. Jibu la ukali ni kwamba mwandishi wa ughaibuni huichota Afrika yote kama kisima kimoja. Okorafor mwenyewe, mwaka 2019, alipanga mipaka: alikataa kazi zake ziwekwe chini ya jina lililobuniwa Marekani kwa ajili ya sanaa ya Wamarekani Weusi, akapendekeza jina lake la Kiingereza lenye maana ya „usasa ujao wa Kiafrika“, ambamo Afrika ndiyo kitovu na Magharibi si kipimo. Hoja hiyo ina uzito, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza, na Wahimba wenyewe bado ni wahusika wa hadithi hiyo kuliko kuwa wasomaji wake.

Afrika Mashariki haikuwa imelala. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali katika miaka ya 1980, alichapisha kwa Kiswahili riwaya ya Walenisi. Dzombo, aliyehukumiwa afe kwa kurushwa angani ndani ya chombo, anaokoka na kufika katika nchi yenye usawa ambayo jina lake linamaanisha „wale ni sisi“. Riwaya hiyo huhesabiwa katika fasihi ya siasa, na ni wachache walioisoma kama hadithi ya safari ya angani, ijapokuwa ndivyo ilivyo. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Nairobi alitengeneza filamu fupi Pumzi, kuhusu dunia baada ya vita vya maji, ambamo shujaa Asha ni mfanyakazi wa makumbusho anayepata udongo wenye uhai. Kahiu na Okorafor waliandika pamoja, mwaka 2016, hadithi kuhusu maroboti ya kuongoza magari, wazo lililotoka barabarani, si kwenye ndoto: maroboti ya namna hiyo, yaliyobuniwa na mhandisi Mkongo Thérèse Izay Kirongozi, yalikuwa tayari yakisimamisha magari Kinshasa tangu mwaka 2013.

Mkutano wa mashabiki wa Amerika Kaskazini ulipangwa kufanyika Columbus mwaka 2020, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa corona ulifanyika kwa njia ya intaneti. Julai mwaka 2024, mkutano wa dunia ulipokwenda Glasgow, zamu ya Marekani iliangukia Buffalo. Mkutano wa dunia wenyewe, tangu ule wa mwaka 1939 hadi wa Seattle mwaka 2025, haukuwahi kufanyika barani Afrika. Kigali iliingia katika kinyang'anyiro cha kuuandaa mwaka 2028.

Wageni waliofika Buffalo mwaka huo wa 2024 wangeweza kukitafuta kiwanja cha maonyesho ya mwaka 1901. Karibu chote sasa ni mitaa ya nyumba za watu. Mahali alipopigwa risasi McKinley pamewekwa jiwe lenye maandishi. Mchezo wa safari ya mwezini ulihamishiwa Coney Island, New York, ambako bustani ya burudani ya Luna Park ilifunguliwa mwaka 1903 kwa jina la chombo kile. Majengo ya maonyesho yalikuwa ya plasta na yalibomolewa. Moja tu kati ya makubwa, la jimbo la New York, lilijengwa kwa marumaru ili lidumu. Ndilo makumbusho ya historia ya mji huo.